Nukta Nyuma ya Hospitali

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tuliseme mapema, kabla hajatokea wa kumtetea, maana watu wa aina yake hawakosi mawakili. Watasema alikuwa kazini. Watasema hakujua. Watasema hata ungekuwa wewe. Sawa. Lakini ujinga wake haukuwa wa kutojua. Ulikuwa ujinga wa mtu mwenye macho mawili mazima, yaliyosomeshwa miaka na miaka hata yakaweza kutenganisha majani ambayo mbuzi mwenyewe huyachanganya, kusimama mbele ya kitu na kukiona chote isipokuwa kilivyo.

Mtaani walimwita Magugu. Kazi yake ilikuwa kukusanya mimea ya porini kwa ajili ya hebaria ya chuo kikuu, ile nyumba ndefu yenye makabati ya chuma ambamo mimea iliyokaushwa imelazwa juu ya karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake: unaitwaje, umetoka wapi, nani kauchuma. Wengi hudhani ni kazi ya kuokota majani. Dada wa mke wake, mwanamke asiyemaliza sentensi bila kumchoma mtu, aliwahi kumwambia mbele ya wageni, "Shemeji, hata mbuzi anashinda akichuma majani, lakini jioni angalau hukamuliwa." Magugu alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa kucheka upesi, hasa pale kicheko kilipoweza kumvusha mahali asipotaka kusimama.

Mwaka ule chuo kilikuwa kinachora ramani ya kila mmea unaoota wenyewe ndani ya mji. Mji ukakatwa miraba kwenye karatasi, kila mkusanyaji akapewa wake. Magugu akaangukiwa na mraba wa hospitali. Wenzake wakamtania kwamba mtu aliyezoea kulala juu ya majabali sasa anatumwa kuhesabu nyasi za nyuma ya wodi. Akawajibu kwamba nyasi za nyuma ya wodi hazina nyoka, ila zina wauguzi, na yeye anawaogopa zaidi wauguzi.

Ijumaa asubuhi akapita mlango wa nyuma wa hospitali, mlinzi akimwangalia mkoba na mbao zake za kubania mimea kama mtu anayeangalia fundi aliyepotea nyumba. Ng'ambo ya ukuta ardhi inateremka hadi kijitoni. Pana nyasi ndefu, vipande vya matofali, fremu ya kitanda cha zamani iliyokwisha kuwa na kutu hata ikafanana na mti. Akashuka akichuma hiki, akiandika kile, akipiga mluzi. Kisha, chini ya kichaka cha miiba, akaliona ua.

Mluzi ukamfia mdomoni.

Lilikuwa ua jeupe lenye koo la zambarau, shingo nyembamba, jani moja tu limelala chini kama ulimi. Magugu alilijua kama mtu anavyojua sauti ya mama yake. Kwao ni genge moja la mawe huko mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari, na halikuwa limewahi kuonekana mahali pengine popote. Aliyelileta hebaria mara ya kwanza ni yeye, miaka sita nyuma. Na sasa lile ua la gengeni lilikuwa limesimama nyuma ya hospitali, mjini kwake, si moja bali kishada kizima, likimtazama kana kwamba yeye ndiye mgeni.

Hapa ndipo ulipoanza ule ujinga tuliousema. Mwenye macho haambiwi tazama, na Magugu alitazama. Aliona kwamba kulizunguka lile ua palikuwa safi, hapana hata unyasi mmoja. Akajiambia kwamba kwale wanaparura hapa. Aliona udongo ni laini, mweusi, tofauti na ule wa jirani. Akajiambia kwamba maji ya kijito hufika masika. Aliona mawe ya mviringo, laini, yamelala kwa mstari upande mmoja wa shina. Akaandika, kwa mwandiko mzuri, "udongo wenye mawe". Kila dalili ya mkono wa mtu aliitafutia mwenyewe porini, na kila mwenyewe alimkubali bila kumhoji.

Kisha akavunja sheria yake mwenyewe. Wanafunzi wake aliwafundisha hivi: "Ukikuta mengi, chukua kidogo. Ukikuta machache, piga picha, yasalimie, nenda zako." Lakini aliogopa kwamba akirudi kesho hatalikuta. Aliogopa mvua, aliogopa mbuzi, aliogopa mkusanyaji mwingine. Akayasogeza mawe kwa mguu, akapiga magoti, akachimba kishada chote na matunguu yake, yale mafundo ya chini ya udongo yanayofanana na vitunguu vidogo. Akatoa kile kidude chake cha setilaiti, kikamsomea namba za mahali, akaziandika. Akaondoka akipanda mteremko mbio kama mwizi, na kusema kweli hapo hakukosea sana.

Hebaria, Profesa alikuwa anakunywa chai. Alikuwa mama mwembamba, mkali, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na ndiye mkuu wa nyumba ile. Magugu akafungua mbele yake gazeti alimolifunga ua. Profesa akaweka kikombe chini bila kutazama alikokiweka.

"Usinitanie, Magugu."

"Sikutanii."

"Nyuma ya hospitali hii hii?"

"Hii hii tunayougulia."

Profesa akacheka, jambo alilokuwa akilifanya kwa nadra. Akaenda kwenye ramani kubwa ya ukutani. Pini za ua lile zilikuwa zimesongamana pembeni kabisa, penye genge, kama watu wanaokimbilia mlango mmoja. Akachukua pini mpya, akaichoma katikati ya mji, peke yake.

"Jumatano nina mkutano na watu wa vyuo vingine," alisema. "Nitaanza na hili. Jina lako litakuwa la kwanza. Safari hii wasipokuthibitisha sijui wanangoja nini." Magugu alikuwa kaimu mtunza hebaria kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi walidhani Kaimu ni jina la babake.

Wakaanza kazi. Mimea ya matunguu ina kiburi. Ukiibana mizima kati ya magazeti haifi. Siku nyingi baadaye unafungua mbao ukute imetoa chipukizi lililopauka, linapapasa likitafuta mwanga. Kwa hiyo matunguu hukatwa katikati kwa kisu, au huchovywa kwenye maji ya moto. Magugu akayakata, moja baada ya jingine, mluzi umemrudia. Moja tu, lililonona kuliko yote, Profesa alilitaka liwe hai, akalipanda kwenye kopo na kuliweka dirishani ofisini mwake.

Alifika nyumbani jua halijazama. Ilikuwa nyumba ya watu wawili na cherehani. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na sebule yao ilijaa magauni ya watu, yaliyoning'inia kama wageni walioambiwa wasubiri. Magugu akavuta kiti, akamwekea simu chini ya pua.

"Zuri?"

Mkewe akatazama picha. Miguu yake ikaendelea kukanyaga, sindano ikaendelea kushuka na kupanda, kisha polepole vyote vikakoma.

"Umeliona wapi?"

"Hutaamini. Nyuma ya hospitali, kule kijitoni."

"Umeliona, au umeling'oa?"

"Nimeling'oa, na matunguu yake yote. Unajua maana yake? Ua hili halijawahi..."

"Yale mawe umeyafanyaje?"

Magugu akaitazama tena simu. Hakuwa ametaja mawe. Kwenye picha hayakuonekana.

"Mawe gani?" alisema, ingawa aliyajua.

"Niliyaokota kijitoni kwa mkono wangu."

Mkewe akalitoa gauni chini ya sindano, akakata uzi kwa meno, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. "Mwenyewe atalifuata kesho," alisema. "Mwambie pindo bado." Akajitupia mtandio mabegani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada."

"Nimefanya nini jamani?"

Mkewe akamtazama kama unavyomtazama mtu anayekuuliza njia ya nyumba aliyosimama ndani yake. Akatoka. Na Magugu akabaki pale, katikati ya magauni. Akili yake haikushindwa kuelewa. Ilikuwa imejifunika shuka tu, kama mtu anayesikia hodi na hataki kufungua.

Kesho yake akaenda kwa shemeji yake. Alimkuta barazani na ungo magotini, anachambua maharage.

"Dada yako yuko wapi?"

"Amelala. Kaa chini. Ukisimama utadhani unaweza kuondoka."

Magugu akakaa.

"Unaikumbuka ile safari yako ya gengeni?" shemeji akauliza, macho kwenye ungo.

"Naikumbuka. Simu hazikushika kule."

"Simu hazikushika. Uchungu ulishika." Akatupa jiwe dogo uani. "Mtoto alitoka kimya. Hospitali wakasema tumchukue, au wamzike wao. Dada akasema mwanangu hazikwi na watu asiowajua. Basi mwenye jembe siku ile nilikuwa mimi. Niliazima kwa mtunza bustani. Mlinzi akatufungulia mlango wa nyuma, akageuza uso, Mungu ambariki. Na dada yangu akashuka ule mteremko kwa miguu yake, mtu aliyezaa jana."

Shemeji akautikisa ungo.

"Wewe ukarudi yamekwisha. Ukalia. Hilo sikunyimi, ulilia ukanishinda mimi. Kisha ukafungua magunia yako, majani yasije yakaoza."

"Yangeoza," alisema Magugu, na papo hapo akatamani ulimi wake ungekuwa wa mtu mwingine.

"Yangeoza," shemeji akakubali. "Sasa kwenye lile beseni uliloliacha jikoni, vile vitunguu vyako vikingoja maji ya moto, dada alichukua kimoja. Akanambia, 'Kama mwenyewe hakuwepo, basi kitu kimoja cha safari yake kiwepo.' Tukaenda tukakipanda. Kikaota. Kikazaana. Kila akitoka kununua nyuzi hupitia kule kukipalilia. Miaka sita hii, shemeji. Ulidhani nyuzi zinaisha upesi hivyo?"

Magugu alishika magoti yake kwa mikono miwili. Akawakumbuka wale kwale wake.

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

"Watu walisema tusimkumbushe."

"Watu." Shemeji akainua macho kwa mara ya kwanza. "Anayekumbushwa ni aliyesahau. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tulivyofundishwa, lakini lako lilikuwapo. Alikuwekea. Umelichimba jana ukalitia kwenye gazeti."

"Sasa anataka nini?"

"Anataka ua lake."

"Yamekatwa," alisema Magugu. "Limebaki moja tu. Liko kwa Profesa, dirishani."

"Basi anataka hilo moja. Na usimpelekee la dukani limepakwa rangi, maana hilo nalo ungeweza."

Jumapili alishuka kule bondeni peke yake. Mvua ilikuwa imenyesha. Shimo alilolichimba lilikuwa limejaa maji ya kahawia, na ndani yake kipande cha anga. Akayatafuta mawe kwenye nyasi, akayaokota, akayaosha kijitoni. Akayapanga kuzunguka shimo. Akayapangua, akayapanga tena. Kule juu watu walipita ng'ambo ya ukuta wakiongea habari za dawa na zamu, akajikuta ameinamisha kichwa asionekane, yeye ambaye miaka yote alizunguka vichakani mchana kweupe bila kumwonea mtu haya.

Jumatatu akaenda kazini na hotuba aliyoitunga njiani. Ilikuwa hotuba nzuri, ina ukweli wote. Alipofika mlangoni mwa Profesa akaukuta mkutano wa Jumatano umeshatandazwa juu ya meza: picha ya ua imekuzwa ukubwa wa sinia, ramani na ile pini moja, na chini yake jina lake, bila neno kaimu. Hotuba ikamkimbia.

"Nilikuwa nafikiri," alisema, "hili la kwenye kopo nikakae nalo nyumbani. Usiku kuna baridi humu."

"Ua la gengeni linaogopa baridi?"

"Nasema tu. Nyumbani kuna mtu wa kulimwagilia."

Profesa akacheka kwa mara ya pili ndani ya wiki moja. "Magugu, hili kopo sasa hivi linalindwa kuliko mimi. Likitoka hapa mlangoni tunatoka wote."

Naye Magugu akacheka. Hapo nakuomba umtazame vizuri: amesimama, anacheka. Ameogopa kupoteza jina kwenye karatasi, ameogopa kumwonyesha mama huyu aibu ya nyumba yake, na zaidi ya yote ameogopa kulitamka lile neno kwa sauti yake mwenyewe, maana katika miaka yote ile hakuwa amelitamka hata mara moja.

Mchana akapita tena kwa shemeji. Hakufika hata barazani.

"Umekuja na ua?" shemeji akauliza akiwa dirishani.

"Bado."

"Basi na wewe bado."

Dirisha likafungwa. Nyuma yake akasikia mkasi ukikata kitambaa, mkono anaoujua, mkato mrefu usiotetemeka. Hilo ndilo lililomwumiza. Mtu anayelia huwa anakungoja. Anayeendelea na kazi amekwisha kuzoea kutokungoja.

Jumanne akaingia ofisini kwa Profesa bila hodi, bila hotuba.

"Ua hili si la mwitu."

Profesa akavua miwani. "Unasemaje?"

"Limepandwa. Tunguu lilitoka kwenye magunia yangu mwenyewe, ile safari ya gengeni. Nililileta mimi mjini, halafu nikaligundua mimi."

"Nani kalipanda?"

"Mke wangu."

"Kalipanda nyuma ya hospitali? Kwa nini huko?"

"Ni kaburi."

"La nani?"

Magugu alijua majina ya mimea ambayo ukiyataja yote chakula kinapoa. Sasa lilitakiwa neno moja, la kila siku, hata mtoto anayejifunza kusema analijua.

"La mtoto wetu," alisema.

Profesa akasema pole, akaisema tena, na Magugu akaona kwamba ameisema kwa moyo. Lakini moyo una vyumba, na katika chumba cha pili mama huyu alikuwa ameshaanza kuhesabu hasara. Macho yake yalikwenda kwenye ramani yakarudi.

"Kesho nasimama mbele ya watu."

"Najua."

"Nimeshawatumia picha wote."

"Najua, Profesa."

"Ungeniambia jana, wakati unanidanganya habari za baridi, ningekuwa na siku nzima."

Magugu akalitazama kopo dirishani.

"Na kama usingeniambia kabisa," Profesa akaendelea polepole, akigeuzageuza miwani, "nani angejua?"

Hata leo Magugu hajui kama lile lilikuwa jaribio au lilikuwa ombi. "Mke wangu angejua," alisema. "Na shemeji yangu. Huyo peke yake ni redio."

Profesa hakucheka. Aliinuka, akaenda ukutani, akaing'oa pini. Ilitoka, tundu likabaki, dogo, katikati ya mji. Akalisugua kwa kidole kana kwamba litaziba.

"Makavu hayarudi," alisema akiwa amempa mgongo. "Yatabaki kabatini. Lebo itaandikwa upya: limepandwa."

"Nitaiandika."

"Nitaiandika mimi. Wewe kwa sasa nakuomba usiandike lebo yoyote." Akageuka, akalichukua kopo dirishani, akamkabidhi kwa mikono miwili. Habari ya kuthibitishwa hakuitaja, wala Magugu hakumuuliza. Wote wawili waliiacha pale mezani pamoja na picha ya ukubwa wa sinia.

Akatembea na kopo lake mji mzima, amelikumbatia kama mtu aliyebeba supu. Ua lilikuwa limenyauka upande mmoja, lakini jani lilikuwa zima, na chini ya udongo tunguu lilikuwa hai. Njiani alianza kupata nafuu. Tusimwonee, mtu aliyebeba mzigo mzito akiutua nusu hujiona ameutua wote. Alikwisha kupanga moyoni: atampa alione, atalipeleka yeye, atalipanda yeye, jioni mkewe atarudi nyumbani, na gauni la watu litapata pindo.

Alimkuta mkewe barazani na dada yake. Alikuwa anashona kwa mkono, ameegemea nguzo. Magugu akaliweka kopo miguuni pake, akabaki amechuchumaa.

"Nimemwambia Profesa yote," alisema. "Nimesema kaburi. Nimesema ni la mtoto wetu."

Mkewe akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. Kisha akachomeka kidole kwenye udongo wa kopo.

"Limezidishiwa maji."

"Si mimi, ni Profesa."

"Kwani si nyote wawili mmesomea majani?" alisema shemeji.

"Dada, niachie," mkewe akasema taratibu. Akalinyanyua kopo, akalizungusha, akalitazama jani upande wa chini kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine. Akasema, "Ni lenyewe." Akafunga uzi, akachomeka sindano kwenye kola yake, akaanza kutafuta viatu.

"Hapana, wewe kaa," Magugu akasema. "Nitalipeleka mimi."

"Nakwenda."

"Kule kumeloa, kunateleza. Mimi ndiye niliyeling'oa, niachie mimi nilirudishe. Nifanye na mimi angalau hilo."

"Hilo utafanya. Lakini nakwenda."

"Mke wangu, sikiliza. Hujalala, unaonekana. Kwenda kusimama tena pale kutakuongezea nini? Nikilipanda nitakuja kukuchukua, twende nyumbani, tuanze upya."

"Kumbe kuna haraka," shemeji akaiambia nguzo.

"Hakuna haraka, shemeji. Nataka asiteseke." Sauti ya Magugu ilikuwa imepanda, alijisikia ameonewa, na mtu aliyekosa akijisikia ameonewa huwa mbishi kuliko wakili. "Nimesimama leo mbele ya mkubwa wangu nimejivua nguo. Kazi yenyewe sijui kama ninayo. Nimekosa, nimekiri. Sasa kulipanda ua tu nako siaminiki?"

"Sijasema huaminiki."

"Basi niachie. Kupanda ndiyo kazi yangu. Mahali napajua kuliko mtu yeyote. Nina namba zake humu, nikifumba macho nafika." Akapiga mfuko wenye kidude chake. "Nilikwenda Jumapili peke yangu, hukuniambia, hakunituma mtu. Mawe nimeyaokota yote, nimeyaosha, nimeyarudisha pale pale."

Mkewe, aliyekuwa ameinama anafunga kiatu, akasimamisha mkono.

"Umeyarudisha vipi?"

"Kama yalivyokuwa. Nimeyazungusha."

"Umeyazungusha."

"Kulizunguka lile shimo. Si ndivyo yalivyokuwa?"

Shemeji akageuza uso akatazama uani. Mkewe akamaliza kufunga kiatu, fundo la kwanza, fundo la pili. Akainuka, akalichukua kopo, akaliweka mikononi mwa mumewe, akatangulia kushuka ngazi.

"Umelizungushia mawe shimo la ua, mume wangu," alisema bila kugeuka. "Mwanao alipolala, bado hujaniuliza."